Lewes: Kanisa Lilitoweka, Vyoo Vikabaki

Treni inayotoka Brighton ikikaribia stesheni ya Lewes, kusini mwa Uingereza, hupita juu ya mahali palipokuwa na sehemu ya kanisa na ukumbi wa mikutano wa monasteri ya Mtakatifu Pankrasi. Kusini ya reli yapo magofu. Yanayoonekana vizuri zaidi ni kuta za jengo refu la vyoo vya watawa. Kanisa lao, lililozidi urefu wa futi 400, yaani zaidi ya mita 120, limetoweka karibu lote.

Mbele ya magofu huwa tunasema kwamba miaka imeyala. Kwa Lewes maneno hayo yanawasitiri wahusika. Hapa palikuwa na mwenye mali mpya, msimamizi wa kazi, mafundi walioletwa kutoka London na tanuri la kuyeyushia risasi, ile metali ya kufunikia paa, na ripoti iliandikwa ili bosi ajue kazi imefika wapi. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa taratibu kwa sababu kila kilichobaki, na kila kisichobaki, kina sababu yake inayoweza kutajwa.

Mwanzo wake ni wa watu wawili. William de Warenne alikuwa mmoja wa mabwana wa Normandy waliovuka bahari na Mfalme William kuiteka Uingereza na kupigana Hastings mwaka 1066. Alipewa ardhi nyingi Sussex akajenga ngome juu ya kilima cha Lewes. Mkewe aliitwa Gundrada. Simulizi iliyotunzwa na watawa inasema wawili hao walianza safari ya hija kwenda Roma, lakini vita kati ya Kaisari Henry IV na Papa Gregori VII vikawazuia njiani, wakapumzika katika abasia ya Cluny huko Burgundy, Ufaransa. Walivutiwa sana na maisha ya watawa wa pale, wakamwomba Abate Hugh awape wachache. Abate alisita, kwa kuwa Uingereza ilikuwa mbali na Cluny ilijali mno nidhamu ya watu wake. Mwishowe alimtuma Lanzo na wenzake watatu. Walipewa kanisa la Mtakatifu Pankrasi lililokuwa bondeni, chini ya mji, ambalo William alikuwa amelijenga upya kwa mawe. Hiyo ni miaka ya mwisho ya 1070, na ndiyo nyumba ya kwanza ya Cluny katika Uingereza.

Gundrada alifariki tarehe 27 Mei 1085 akiwa katika uzazi, huko Castle Acre, Norfolk. William alijeruhiwa katika mazingiwa ya Pevensey na kufa Juni 1088. Wote wawili walizikwa katika ukumbi wa mikutano wa watawa, mahali pa heshima kwa wafadhili. Makaburi hayo tutayarudia.

Hapa inafaa kueleza kwa nini nyumba kubwa namna hii iliongozwa na priori, ilhali kwa ukubwa wake ingestahili abate. Katika mtandao wa Cluny abate wa kweli alikuwa mmoja, naye alikaa Cluny. Nyumba zote zilizozaliwa huko zilikuwa watoto wake, na kila moja ilisimamiwa na priori aliyewajibika kwake. Msomaji aliyefika Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, au Ndanda ya mwaka 1906, anaijua kanuni iliyofuatwa Lewes, kwani ni ileile ya Mtakatifu Benedikto: saa za sala, kula pamoja kwa ukimya huku mmoja akisoma, bweni, ua wa ndani uliozungukwa na vibaraza. Tofauti ni kwamba Cluny waliirefusha ibada. Kuimba na kusali altareni kulimeza sehemu kubwa ya siku ya mtawa, na ndiyo sababu makanisa yao yalikuwa makubwa na yenye mapambo kupita mahitaji ya idadi ya watu waliomo.

Utii kwa nyumba ya Ufaransa ulikuja kuwatia matatani. Uingereza na Ufaransa zilipoingia katika Vita vya Miaka Mia, wafalme wa Uingereza walizitazama monasteri zenye mama ng'ambo kama mifereji ya kupeleka fedha kwa adui, wakazitwaa mali zake mara kwa mara. Lewes ilijinasua mwaka 1351 kwa kupata hati ya kuhesabiwa kuwa nyumba ya Kiingereza. Kifungo cha Cluny kililegea. Sidhani kama watawa wa wakati huo waliona kwamba kwa kumkimbia mfalme mmoja walikuwa wanajiweka mikononi mwa mwingine, lakini ndivyo ilivyokuja kuwa.

Kabla ya hapo, tarehe 14 Mei 1264, monasteri iliingia katika historia ya nchi nzima bila kupenda. Mfalme Henry III alikuwa amefikia humo pamoja na jeshi lake, naye mwanawe Edward akiwa ngomeni. Simon de Montfort na mabwana waasi walishuka kutoka milimani. Edward aliwakimbiza watu wa London mbali na uwanja wa vita, na aliporudi alikuta baba yake ameshindwa na kujifungia ndani ya kuta za monasteri. Mapatano yalifanyika huko Lewes. Mwaka uliofuata, 1265, de Montfort aliitisha bunge lililokaribisha wajumbe wa miji, ndiyo maana Waingereza hulitaja jina la Lewes wanaposimulia safari ya bunge lao. Mwaka 1964, vita hivyo vilipotimiza miaka 700, sanamu yenye umbo la kofia ya vita, kazi ya mchongaji Enzo Plazzotta, iliwekwa katikati ya magofu. Ni kazi nzuri. Ila nimeona mara nyingi katika picha za wageni kwamba inapigwa picha kuliko kuta zenyewe.

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa.

Mwaka 1536 sheria ya Henry VIII ilizifunga monasteri ndogo. Kubwa hazikuguswa na sheria ile, kwa hiyo zilihitaji njia nyingine: zishawishiwe, au zitishwe, zijisalimishe zenyewe. Lewes, yenye mapato yaliyozidi pauni 900 kwa mwaka, ilitia sahihi Novemba 1537, mwezi uleule na binti yake, monasteri ya Castle Acre. Miezi michache baadaye eneo lote lilikuwa mali ya Thomas Cromwell, waziri wa mfalme aliyekuwa akiiendesha kazi ile ya kufunga monasteri. Alitaka pawe makazi ya mwanawe Gregory, aliyekuwa amemuoa Elizabeth Seymour, dada wa marehemu Malkia Jane. Kanisa kubwa mlangoni mwa nyumba ya kijana halikuwa na kazi tena, isipokuwa kwa risasi iliyolifunika na mawe yaliyolijenga.

Aliyepewa kazi ni Giovanni Portinari, mhandisi Mwitaliano. Tarehe 24 Machi 1538 alimwandikia Cromwell kutoka Lewes, na barua hiyo imesalimika. Ninaiona kuwa moja ya hati za kusikitisha zaidi za karne ile, na moja ya zile zenye faida kubwa kwetu. Anaripoti kwamba sehemu yenye kuba upande wa kulia wa altare kuu, iliyobebwa na nguzo nne na kuzungukwa na vikanisa vitano, yenye mzunguko wa kuta wa hatua 70, yaani futi 210, imeshushwa yote Alhamisi na Ijumaa. Siku mbili. Kisha anasema sasa wanaanza kuiangusha kuba ya juu zaidi, iliyobebwa na nguzo nne nene, futi 14 toka upande hadi upande na futi 45 kuzizunguka. Nguzo ya namna hiyo ingehitaji watu wanane washikane mikono ili waikumbatie.

Anataja na watu wake. Kutoka London alileta 17, wakiwemo maseremala watatu, wahunzi wawili, mafundi wawili wa risasi na mmoja wa kutunza tanuri. Kumi walikata kuta, na miongoni mwao walikuwa maseremala hao, ambao kazi yao ilikuwa kuweka mihimili ya mbao mahali pa mawe yaliyotolewa. Maana yake ni kwamba ukuta ulichimbwa chini kwa mpangilio, ukasimamishwa juu ya mbao, na mbao zilipoondolewa uzito wa jengo ukalivunja jengo. Hawakuhitaji kupanda juu kupambana na jiwe mojamoja. Portinari anaongeza kwamba watu wake wana ujuzi kuliko wale wanaopatikana kijijini, na kwamba wanahitaji wengi zaidi. Jumanne walianza kuyeyusha risasi, naye anaahidi kwamba itafanywa kwa bidii na bila kupoteza.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoeleza kila kitu. Risasi ya paa ilikuwa fedha taslimu: inayeyushwa, inakuwa vipande, inauzwa au inatumika kwingine. Mawe ya Caen, meupe na laini kuchongwa, yalikuwa yamesafirishwa kwa mashua kutoka Normandy, na kwa mjenzi yeyote wa Sussex, wilaya isiyo na mawe mengi mazuri ya kuchonga, yalikuwa hazina iliyo tayari. Kanisa ndilo lililobeba risasi nyingi na mawe mazuri zaidi. Ndilo lililokwenda kwanza, na lilikwenda karibu lote.

Pamoja na barua ile kulikuwa na vipimo vya kanisa. Nguzo zilikuwa 32, nane kati yake zile kubwa na 24 ndogo zaidi. Dari mbele ya altare kuu lilikuwa na kimo cha futi 93. Katikati, chini ya kengele, futi 105. Mnara wa mbele, futi 90. Hakuna mtawa aliyetuachia orodha kama hii, wala mgeni aliyelichora kanisa likiwa zima. Vimo hivi tunavijua kwa sababu mtu aliyelipwa kuvifuta alitaka kumwonyesha tajiri wake ukubwa wa kazi aliyokuwa nayo. Ukweli huo naona unauma, lakini sioni namna ya kuukwepa.

Gregory na mkewe walihamia Lewes mwaka huohuo wa 1538 katika makazi yaliyokuwa ya priori. Hawakukaa muda mrefu. Cromwell alikatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540, na mwaka 1541 sehemu ya ardhi ya monasteri ilipewa Anne wa Cleves kama sehemu ya masikilizano ya kuvunjwa kwa ndoa yake na mfalme. Nyumba ya mtaani Southover inayoitwa kwa jina lake hadi leo, ambayo sasa ni makumbusho, ilikuwa miongoni mwa mali hiyo, ingawa mwenyewe hakuishi humo. Mwaka 1572 William Newton alijenga jumba la Southover Grange jirani na hapo, na kuta zake ni mawe ya Caen yaliyotoka monasterini. Anayetaka kuyaona mawe ya kanisa lile katika wingi wake na aende kwenye bustani ya Grange ayaangalie madirisha. Mengine yaliyochongwa yako British Museum.

Kwa hiyo ramani ya magofu inasomeka hivi. Jengo la vyoo lilijengwa kwa gumegume, yale mawe magumu ya Sussex yasiyo na umbo, yaliyofungwa kwa chokaa. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 150, likiwa na mfereji chini yake ambao maji yalipita kusafisha. Mawe mazuri ya pembeni na ya madirisha yaling'olewa, na waliokuja na mikokoteni waliuacha mwili wa ukuta kwa sababu kuuvunja kulikuwa kazi kubwa kwa kokoto zisizo na soko. Ndivyo ilivyo kwa kuta za chini za bweni na za ukumbi wa chakula, ambako bado unaona gumegume zilizopangwa kwa kulalia upande huu na huu kama mifupa ya samaki. Mtu anayetazama magofu haya akadhani kwamba ndivyo monasteri ilivyoonekana, yaani kijivu, mbichi, yenye ncha, anatazama nyama ya ndani ya ukuta ambao watawa hawakuwahi kuuona baada ya siku ya kujengwa. Nyuso zilikuwa za mawe yaliyochongwa au za lipu.

Kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji la Southover lilisalimika kwa sababu nyingine kabisa. Lilikuwa jengo la monasteri karibu na lango kuu, na kabla ya mwaka 1537 lilikwisha kuwa kanisa la wanaparokia. Lilikuwa na watu. Katika kisa kizima hiki hakuna kinga nyingine iliyofanya kazi vizuri kama hiyo, na watu wanaosimamia urithi wa majengo popote walipo wangefaidika kulitafakari jambo hilo kabla ya kutafuta fedha za uzio.

Miaka 300 ilipita kwa bustani, mifugo na kuchukuliwa mawe kidogokidogo. Kisha ikaja reli. Mwaka 1845 kampuni iliyokuwa ikijenga njia ya kutoka Brighton kupitia Lewes kwenda Hastings ilikata mtaro mpana na wenye kina katikati ya eneo la monasteri. Tarehe 28 Oktoba vibarua walifukua masanduku mawili ya risasi, kila moja likiwa na urefu wa karibu futi tatu, yenye nakshi ya mistari inayokatana kama wavu. Juu ya moja palikuwa na jina la Willelm, na la pili Gundrada. Ndani mlikuwa na mifupa.

Waanzilishi walikuwa wamepatikana mahali palepale palipotajwa na watawa, katika ukumbi wa mikutano. Ufupi wa masanduku unaeleza jambo: miili haikuzikwa ndani yake mara ya kwanza. Katika karne ya 12, majengo yalipopanuliwa, watawa waliifukua mifupa na kuiweka upya kwa heshima katika masanduku madogo. Kwa hiyo hata watawa walikuwa na kazi ya kutunza mabaki ya waliowatangulia, wala si sisi wa leo tu.

Kulikuwa na kipande kingine kilichokuwa kikisubiri. Katika miaka ya 1770, kwenye kanisa la kijiji cha Isfield, maili chache kutoka Lewes, ilitambuliwa bamba ya jiwe jeusi la Tournai iliyokuwa imegeuzwa kuwa kifuniko cha kaburi la bwana mmoja wa enzi ya Tudor, ukoo wa kifalme wa Henry VIII. Ilikuwa bamba ya kaburi la Gundrada, iliyochongwa katikati ya karne ya 12, ikiwa na majani yaliyochongwa kwa ustadi na shairi la Kilatini kandokando. Mwaka 1775 ilihamishiwa Southover. Shairi linamsifu kwamba kwa maskini alikuwa Martha na kwa uchaji alikuwa Mariamu, kisha linasema sehemu ya Martha imekufa, imebaki sehemu kubwa ya Mariamu. Miaka 70 baada ya bamba kurudi, mifupa yake ilifukuliwa mita mia kadhaa tu kutoka hapo. Mwaka 1847 kikanisa kidogo chenye matao ya mtindo wa Kinormani kilijengwa ubavuni mwa kanisa la Southover ili kuviweka pamoja, na humo vimo hadi sasa: bamba sakafuni, masanduku ukutani.

Mtaro wa reli uliharibu kiasi kikubwa cha msingi wa kanisa na wa ukumbi, na jambo hilo halirekebishiki. Lakini mshtuko wake uliwaamsha watu wa wilaya. Mwaka 1846 ilianzishwa jumuiya ya akiolojia ya Sussex, na kupatikana kwa masanduku yale ndiko kulikowasukuma. Jumuiya hiyo ingali hai, na ndiyo inayotunza nyumba ya Anne wa Cleves pamoja na ngome ya Lewes. Mwishoni mwa karne ya 19 William St John Hope alichunguza eneo na kuchora ramani yake, na uchimbaji mwingine ukafuata katika karne ya 20.

Kuhusu Gundrada mwenyewe, uchunguzi umewavua watawa heshima kidogo. Kwa karne nyingi aliaminiwa kuwa binti wa Mfalme William, na hati za monasteri ndizo zilizosaidia kueneza imani hiyo. Wanahistoria walizipima hati hizo wakaona mkono wa baadaye ndani yake, na leo anakubalika kuwa mwanamke wa Flanders, ndugu wa Gerbod, bwana wa huko. Hata simulizi ya safari ya Cluny inatoka katika hati ambayo haiaminiki mstari kwa mstari. Monasteri yenye mashamba mengi ilihitaji ukoo mkubwa wa kujikinga mahakamani, nayo ikajitengenezea. Siwahukumu vikali. Ila inafaa msomaji ajue kwamba katika kisa hiki barua ya mbomoaji inaaminika kuliko hati ya mwanzilishi.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 kuta zilizidi kulegea, na kwa muda magofu yakafungwa kwa umma kwa kuhofia mawe yanayodondoka. Ukarabati mkubwa ulifanywa kuelekea mwaka 2011 kwa msaada wa fedha za bahati nasibu ya taifa, na sasa mtu yeyote anaingia bure. Mafundi hawakujenga upya chochote kilichopotea. Walifunga mianya ya chokaa, wakaziba vilele vya kuta ili maji ya mvua yasipenye, na kuweka vibao vya maelezo. Nakubaliana nao kabisa. Ukuta wa gumegume ukivikwa tena mawe meupe ya kisasa utapendeza machoni, lakini utafuta alama za patasi na matundu ya mawe yaliyong'olewa, ambayo ndiyo maandishi pekee ya mwaka 1538 yaliyobaki juu ya jengo lenyewe. Anayekwenda aanze Southover, kwenye kikanisa cha Gundrada, apite Grange kuyaona mawe, ndipo ashuke magofuni akiwa na vipimo vya Portinari mkononi.